Arubaini Yenye Nyongeza

BARAZANI
Na Maalim Haji Mwinyi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, nikisoma chuoni katika mtaa wa Ukutani hapa Mji Mkongwe, ambako sauti za wanafunzi zilikuwa zikichanganyika na kengele za baiskeli na mlio wa vikombe vya muuza kahawa, nilipewa kitabu chembamba kiitwacho Arbaini, yaani hadithi arubaini za Mtume (S.A.W.) zilizokusanywa na Imamu Nawawi wa Sham, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa mwenye duka, niliyezoeshwa kuhesabu kila kinachoingia na kila kinachotoka, nilizihesabu. Zikatoka arubaini na mbili. Nikahesabu tena, safari hii nikianzia mwisho, kama afanyavyo karani asiyeliamini daftari lake, zikatoka zile zile. Basi nikamwendea mwalimu wangu, moyoni nikiwa na ile furaha ya siri aipatayo mtoto anapodhani amemkamata mkubwa katika kosa, nikamwambia kuwa Imamu amekosea hesabu. Mwalimu hakuinua hata macho. Akaniuliza: "Baba yako akimpimia mtu pishi ya mchele, kisha akamwongezea konzi mbili juu, mtu yule hurudi dukani kushitaki?" Na kwa kuwa konzi katika Kiswahili ni ujazo wa kiganja cha mchele na vilevile ni pigo la utosini, sikungoja nionyeshwe zile za aina ya pili.

Tangu siku hiyo, kila kitabu chenye adadi katika anuani yake hunisimamisha mlangoni. Mwandishi atiaye hesabu juu ya jalada amejifunga kwa ahadi ambayo msomaji yeyote mwenye vidole anaweza kuihakiki, jambo ambalo aandikaye juu ya mapenzi au dhuluma hana haja ya kuliogopa; na baada ya miaka mingi ya kuvihakiki vitabu hivyo nimeona kuwa vile nivipendavyo, karibu vyote, hesabu yake haikai sawa. Huzidi. Adadi ya jalada ni pishi, na mchele umepanda juu ya mdomo wa pishi.

Imamu Nawawi mwenyewe, aliyefariki mwaka 1277, hakuwa mtu wa kukosea mambo madogo. Katika utangulizi wake anaeleza kuwa maulamaa wengi kabla yake walikusanya arubaini zao, kwa kutegemea mapokezi yanayomsifu mwenye kuuhifadhia umma hadithi arubaini. Kisha, kwa uaminifu ambao sijauona mara nyingi katika dibaji za vitabu, anakiri kuwa wajuzi wameafikiana kwamba mapokezi hayo ni dhaifu, ijapokuwa njia zake ni nyingi. Maana yake ni kuwa aliichukua adadi kwa heshima ya waliotangulia, wala hakuifanya pingu. Zaidi ya miaka mia baadaye akaja Ibn Rajab, akazishereheshea hadithi zile na kuongeza nane nyingine, zikatimia hamsini, na hakuna aliyepiga kelele. Kadhalika Alfiya ya Ibn Malik, ambayo vijana wa vyuo vya mwambao huu wameihifadhi vizazi kwa vizazi kwa ajili ya nahau ya Kiarabu, wengine wakiiimba kwa sauti huku ndani hawaelewi neno: jina lake ni elfu, beti zake ni 1,002. Mbili tena. Naona mbili hizi ni ndugu wa zile konzi za mwalimu wangu.

Lakini mfalme wa vitabu hivi ni Alfu Lela Ulela, ambacho hakikuficha nyongeza yake ndani, bali kiliipandisha juu ya jalada. Elfu ilitosha. Elfu kwa wazee ni hesabu isiyohesabika, ni kama kusema nyota au mchanga. Na aliyeongeza juu yake usiku mmoja alikuwa amekwenda ng'ambo ya kisichohesabika kisha akapiga hatua moja mbele. Ajabu ni kuwa kwa muda mrefu jina lilikuwa kubwa kuliko kitabu. Antoine Galland, aliyeanza kukitoa kwa Kifaransa mwaka 1704, alikuwa na hati ya Kiarabu kutoka Sham ambayo usiku wake haukufika hata mia tatu. Jina likimdai elfu na moja, na wasomaji wa Paris wakimdai pia, ikambidi atafute zaidi. Mwaka 1709 akakutana na kijana wa Halab, Hanna Diyab, aliyemsimulia kwa mdomo hadithi ambazo leo ulimwengu mzima unazidhani ndizo kiini cha kitabu, miongoni mwake ya Aladini na ya Ali Baba na wezi arubaini. Kwa hiyo adadi ile haikuyahesabu masimulizi, iliyaita, yakaja.

Na huyo Ali Baba naye ana hesabu yake. Mwenye kuisoma hikaya kwa jicho la muuza duka ataona kuwa wezi wawili walioshindwa kuujua mlango wanauawa na wenzao kabla ya usiku wa mitungi, hata mitungi ikabeba watu 37 tu, mmoja ukiwa na mafuta ya kweli, na jemadari wao akiwa ndani anakula karamu. Hapa, pekee katika kundi hili, adadi inapungua badala ya kuzidi. Na kwa kuwa sisi tumekwisha kusema tangu kale kuwa siku za mwizi ni arubaini, sioni ubaya wezi wenyewe wakipunguzwa.

Tafsiri ya Kiswahili waliyoisoma wazee wetu wakati wa Waingereza, iliyotoka mikononi mwa Edwin Brenn na Frederick Johnson, iliitwa Mazungumzo ya Alfu Lela Ulela, au Siku Elfu na Moja. Rafiki yangu mmoja, msomi wa chuo kikuu, hulicheka jina hili, akisema kuwa wale mabwana waligeuza usiku kuwa mchana. Simwungi mkono. Siku ya mwambao huanza magharibi, jua linapozama. Usiku wa Ijumaa kwetu ni ule utanguliao mchana wa Ijumaa, na kila afungishaye ndoa au asomaye maulidi analijua hilo. Basi usiku elfu na moja, mchana wake ukiwa umebebwa humo humo, ni siku elfu na moja, na Shahrazadi angeridhia. Kutoka kwenye bahari hiyo ndipo Shaaban Robert alipochota kisa cha Adili na Nduguze, akakivika adabu zake mwenyewe mpaka wengi wakasahau kilikotoka.

Sitakaa sana juu ya Tenzi Tatu za Kale alizozihariri Mulokozi, ambazo ni tatu kweli, wala juu ya Kurwa na Doto ya Muhammad Saleh Farsy, kitabu kizuri cha maisha ya shamba hapa Unguja ambacho adadi yake, mbili, imejificha ndani ya majina ya mapacha. Lakini Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa kwa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, siwezi kuipita bila salamu, kwa kuwa jina lake limebeba tano ya Kiarabu, na tano hiyo imepatikana kwa mshairi kuichukua mistari miwili ya mwenziwe wa kale na kuitangulizia mitatu yake. Huo ni ungwana wa namna yake: mgeni anakuja na vitatu kuviweka mbele ya viwili vya mwenyeji, na jina la chakula linakuwa hesabu ya wote.

Nafika sasa kwa mtu niliyekusudia kumwandikia tangu mwanzo, na msomaji aniwie radhi kwa kuzunguka. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Makunduchi, ambako kila mwaka watu huukoga mwaka, ni nchi ya hesabu: Nairuzi ya wazee, iliyowaongoza wakulima na mabaharia, huhesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, na miongo thelathini na sita inapotimia hubaki siku tano zisizokuwa na mwongo wao. Mtoto akulie mahali ambapo mwaka wenyewe una baki, kisha akawa mhariri wa magazeti, akahariri na Mkulima, na akashinda mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, ambayo ilipigwa chapa mwaka 1960: huyo ndiye aliyetupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na Najum wa kumshangaa. Deni lake kwa Arthur Conan Doyle liko wazi, wala hakulificha. Nami hupenda kukumbuka kuwa Doyle naye, katika riwaya yake ya Alama ya Wanne ya mwaka 1890, alitia adadi juu ya jalada, na kwamba mmoja wa wanne hao jina lake ni Abdullah.

Mwaka 1974 ikatoka Siri ya Sifuri, na uliofuata Mke Mmoja Waume Watatu. Hii ya pili hufanya kazi yake kabla haijafunguliwa. Msomaji wa Unguja, aliyezoea kusikia hesabu ya wake hadi wanne, anaigeuza anuani ile kichwani kama mtu aliyepewa noti asiyoiamini: ikiwa kwa pamoja, ni haramu, ikiwa mmoja baada ya mwingine, basi ziko eda za kuhesabu, twahara tatu kwa aliyeachwa, miezi minne na siku kumi kwa aliyefiwa, na ziko talaka, za rejea na zisizo rejea, hata akifika sahifa ya kwanza amekwisha kuwa kadhi na mpelelezi kwa pamoja. Hakuna picha ya jalada iwezayo kufanya hayo.

Na Siri ya Sifuri, kwa maoni yangu, ndiyo anuani bora kabisa katika Kiswahili chote cha riwaya. Sifuri ni neno la Kiarabu lenye maana ya utupu. Wazungu walipolipokea katika karne za kati lilizaa watoto wawili kwao, mmoja akawa jina la tarakimu hiyo, wa pili akawa jina la maandishi ya mafumbo ambayo wafalme huwapelekea majasusi wao. Siri na sifuri, maneno yasiyo na nasaba moja, yalikwisha kuonana ng'ambo ya bahari kwa karne nyingi, na mtu wa Makunduchi akayakutanisha tena kwa sikio tu, kwa kuwa yalilia pamoja. Sijui tarakimu nyingine ambayo yote iliyo nayo ni nyongeza: iweke peke yake, si kitu, iweke nyuma ya moja, ni kumi.

Nikitazama meza za vitabu siku hizi naona adadi zimejaa, njia saba za hiki, siri kumi za kile, na nimevisoma baadhi yake kwa subira. Saba huwa ni saba. Mwandishi hufika ya saba kwa jasho, mara nyingi ya tano na ya sita zikiwa ni moja iliyokatwa katikati, kisha hufunga duka.

Kimebaki kitabu kimoja. Shaaban Robert aliyaita masimulizi yake Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na kwa miaka mingi nililisoma jina hilo nikiitazama hamsini peke yake, ilhali uzito wote umekaa katika lile neno dogo, baada. Alizaliwa Januari 1909, akafariki Juni 1962. Nyongeza yake ilikuwa miaka mitatu na miezi michache, na ndani yake aliuona Desemba 1961, bendera ya Tanganyika ikipandishwa.