Utafiti wa mchumi: Tuhesabu nukuu au tumuulize wakala wa Kimbiji?

Mchuuzi wa samaki wa Kimbiji, kata ya pwani iliyokuwa Temeke na sasa iko Wilaya ya Kigamboni, anaweza kupeleka mzigo soko la Feri na hela ikaingia kwenye simu kabla hajapanda gari kurudi. Huenda hajawahi kusikia jina la Profesa Benno Ndulu. Lakini jina hilo linasaidia kujibu swali linalowagusa wahadhiri wetu: mchumi mzuri anapimwaje?

Vyuo vikuu vingi vinajibu kwa hesabu. Ameandika makala ngapi? Wasomi wengine wamezinukuu mara ngapi? Kipimo maarufu ni fahirisi ya h, iliyobuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mwenye makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, anapata alama 10. Google Scholar inaonyesha hesabu hiyo bure, bando lako tu.

Tanzania nayo imeingia humo. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu chini ya Profesa Adolf Mkenda, naye mchumi, ilitangaza kutenga Sh1 bilioni kuwatuza wanaochapisha kwenye majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu. Makala moja iliyofuzu ni Sh50 milioni.

Kwa mizani hiyo Ndulu hakuwa mwepesi. Mwaka 1999, yeye na Stephen O'Connell walichapisha kwenye Journal of Economic Perspectives makala kuhusu utawala na ukuaji wa uchumi kusini mwa Sahara. Mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa wahariri wa kitabu kikubwa cha Cambridge kilichochambua uchumi wa Afrika kuanzia 1960 hadi 2000. Kazi hizo bado zinanukuliwa.

Kisichohesabiwa

Ndulu aliongoza Benki Kuu ya Tanzania (BoT) kuanzia 2008 hadi 2018. Mwaka huohuo wa 2008, M-Pesa ya Vodacom ilianza nchini, na sheria mahsusi ya malipo ya aina hiyo haikuwepo.

BoT haikufunga mlango. Iliruhusu kampuni za simu zifanye kazi kwa kushirikiana na benki, huku yenyewe ikifuatilia. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikaja mwaka 2015.

Matokeo? Tafiti za FinScope zinaonyesha mwaka 2009 watu wazima 16 tu kati ya 100 walitumia huduma rasmi za fedha. Mwaka 2017 walifika 65.

Sifa si za mtu mmoja. Kampuni ziliweka mtaji, mawakala wakakaa juani kwenye vibanda. Lakini kuruhusu kwanza na kutunga sheria baadaye ulikuwa uamuzi wa kisera, na fahirisi ya h haina pa kuuandika.

Alama zinavuta wapi

Hii haina maana kwamba nukuu ni bure. Makala inayonukuliwa imesomwa, na wenzake wamepata nafasi ya kuibishia. Msomi asiyenukuliwa na yeyote ana la kujibu.

Shida ni kwamba mizani imeegemea upande mmoja. Majarida makubwa ni ya Kiingereza, mengi yanasomwa kwa kulipia, na wasomaji wake wengi wako nje. Utafiti kuhusu riba za Marekani una wasomaji wengi wa kuunukuu kuliko utafiti wa bei ya samaki Kigamboni, hata kama ubora ni uleule. Mhadhiri anayetaka kupanda cheo ataona mwenyewe pa kwenda.

Na maswali ya hapa yapo. Kimbiji kumechimbwa visima virefu kwa ajili ya maji ya Dar es Salaam. Nani apate maji hayo kwanza, na kwa bei gani? Hilo ni swali la uchumi kabisa, ingawa huenda lisimpe mtu nukuu nyingi.

Ndulu alifariki Februari 2021. Dawa si kufuta hesabu ya nukuu. Fomu ya kupandisha cheo iongezewe swali moja: nani ametumia matokeo ya utafiti huu, na kimebadilika nini? Halmashauri ikijibu, BoT ikijibu au wakala wa Kimbiji akijibu, nayo ihesabiwe.