Pikipiki kuukuu si chuma chakavu

Niliporejea kupitia Kobero, wengi walinishauri niiuze Yamaha AG100 yangu kwa wanunuzi wa vyuma. Nilikataa. Nikiwa uani kwangu niliondoa kutu ndani ya tangi, nikazibua kabureta, nikabadili plagi. Ikawaka.

Kosa lilikuja baadaye. Fundi mmoja aliing'oa pampu ya oili akisema inasumbua; tangu hapo ikabidi nichanganye oili ya 2T na petroli mwenyewe. Siku moja nikasahau. Pistoni ikakwama njiani, nyuma nina gunia la maharage, na soko likanipita.

Ndugu wafanyabiashara, kabla ya kukopa pikipiki mpya, tutunze tulizonazo. Pampu iachwe mahali pake, oili ikaguliwe kila asubuhi. Deni halisubiri msimu wa mavuno.