WENYE HAKI WALIOLALA: JE, BADO WANATUONGOZA?



Wiki hii mmoja wetu amenitumia video ya Wayahudi waliopanga foleni kwenye kaburi huko New York, kila mtu na barua yake mkononi. Wanaisoma polepole, kisha wanaichana na kuviacha vipande pale pale juu ya kaburi. Akaniuliza: "Mchungaji, hawa si ndio watu wa Agano? Kama wao wanamwendea mwenye haki aliyekufa, mbona sisi Wagiriama mnatukataza koma za babu zetu?"

Swali zuri. Nalijibu hadharani kwa sababu najua wengi mnalo na mnaogopa kuuliza.

Kaburi lile ni la Menachem Mendel Schneerson, kiongozi wa Wayahudi wanaoitwa Chabad-Lubavitch. Wenyewe humwita Rebbe. Alifariki Juni 1994, akazikwa Queens kando ya baba mkwe wake, aliyemtangulia katika uongozi na kufariki 1950. Alipokuwa hai, yeye mwenyewe alikuwa akienda kwenye kaburi la mkwewe akiwa amebeba barua za watu wenye shida. Wako wengine wanaosafiri kila mwaka mpya wa Kiyahudi hadi Uman, Ukraine, kwa Rebbe Nachman aliyefariki 1810, na hao ni makumi ya maelfu. Msingi wao ni mafundisho ya kale yaliyomo katika Talmud, kwamba wenye haki huhesabiwa kuwa hai hata baada ya kufa.

Tusiwadhihaki. Ukiwauliza, watakwambia hawamwombi marehemu. Wanamsihi awaombee mbele za Mungu, kama wewe unavyonipigia simu usiku niombee mtoto wako. Lakini pia ujue Wayahudi wenyewe hawakubaliani. Wako marabi wanaoonya kwamba desturi hii inakaribia mno kile ambacho Torati imekataza, kutaka shauri kwa wafu (Kumbukumbu la Torati 18:11). Na ndani ya Chabad kwenyewe wako waliosema Rebbe ndiye Masihi na atarudi, na jambo hilo limewaletea mvutano mkubwa. Kwa hiyo "Wayahudi wanafanya" bado si jibu. Hata ndama wa dhahabu aliundwa na watu wa Agano.

Twende kwenye Neno, na tusiruke mistari migumu. 2 Wafalme 13:21, maiti iligusa mifupa ya Elisha ikafufuka. Imeandikwa, siwezi kuifuta. Lakini angalia: waliokuwa wakizika hawakwenda pale kuomba chochote. Walikuwa wanakimbia wavamizi wa Moabu, wakamtupa mtu wao kaburini kwa haraka. Na baada ya hapo hatusomi popote kwamba Israeli waliambiwa wapeleke wagonjwa kwa Elisha. Musa naye, mkubwa kuliko wote, Mungu alimzika mwenyewe na hakuna ajuaye kaburi lake (Kumbukumbu 34:6). Mimi naamini kaburi lile lilifichwa makusudi.

Tena kule mlimani, Mathayo 17, Musa na Eliya walitokea kweli kweli. Hawakuwa ndoto. Petro akataka kujenga vibanda vitatu, awaweke. Sauti kutoka winguni ikamwelekeza kwa Yesu: asikilizwe Yeye. Walipoinua macho, wale wawili hawakuwepo tena.

Sasa koma. Nimelelewa na watu wanaojua maana ya kigango, na sitakaa hapa nikawaita wazee wetu wajinga. Kigango kilisimamishwa kwa ajili ya mtu wa Gohu, aliyeheshimika katika jamii, na hakikutakiwa kung'olewa. Wezi walipoving'oa na kuviuza, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani, familia zilipata uchungu wa kweli. Jumba la makumbusho la Denver lilirudisha vigango 30, na mimi nilifurahi kama Mgiriama mwingine yeyote. Mali ya mtu ni mali ya mtu, na kumbukumbu ya baba yako si pambo la sebule ya tajiri. Mekatilili wa Menza aliyewasimamia watu wetu 1913 namtaja kanisani bila woga.

Kumbuka. Simulia. Safisha kaburi, panda maua. Lakini ukimwaga mnazi chini kwa sababu unaogopa babu atakuletea ugonjwa, hapo umeacha kumheshimu na umeanza kumhofu. Nimeona familia ikiuza mbuzi wa mwisho kwa hofu hiyo wakati mtoto alihitaji kupelekwa hospitali.

Na sisi wa madhabahuni tusijifanye wasafi. Kuna kanisa moja hapa pwani, silitaji, mwanzilishi wake alipolala tu, ndoto zikaanza. Huyu anasema Baba Askofu amenitokea, kanisa nipewe mimi. Yule anasema amenitokea, kiwanja kisiguswe. Picha yake ikawekwa mimbarini na watu wakaishika kabla ya kuhubiri, eti upako ushuke. Wapendwa, hiyo ni koma iliyovalishwa suti.

Ubaya wake ni huu: marehemu hawezi kukanusha. Mchungaji aliye hai unaweza kumfuata ofisini umuulize, "Umesema hivi?" Aliyelala anasemewa, na anayemsemea ndiye anayetawala. Nasema hivi nikijua Shakahola iko katika kaunti yetu hii, na 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Watu wasiozoea kumuuliza kiongozi wao maswali akiwa hai hawataanza kuuliza akiwa ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Ila kuna jambo moja ningependa tuwaige hao Chabad. Rebbe hakuacha mrithi, na mpaka leo hakuna aliyekalia kiti chake. Wengi walidhani kazi itakufa. Haikufa. Wanandoa vijana wanaendelea kutumwa duniani kote, wengine mpaka Kinshasa, na huko wanakaa miaka na miaka. Alipofundisha siku ya Sabato hawakuruhusiwa kuandika wala kurekodi, basi walikuwepo watu wenye kumbukumbu kali waliosikiliza saa nyingi, na Sabato ikiisha wanakaa pamoja kuyaandika yote. Sisi mhubiri anafundisha miaka 30, tukishamzika hatuna hata daftari moja. Tunabaki na picha yake na kesi ya hati ya kiwanja.

Waebrania 13:7 inatuagiza tuwakumbuke viongozi waliotufundisha Neno, tuutazame mwisho wa mwenendo wao, tuiige imani yao. Mstari wa 8 unaofuata unamtaja Yesu Kristo, asiyebadilika jana, leo na milele. Someni yote miwili pamoja.

Basi mwenye daftari la zamani la mafundisho, au kanda za kaseti za wazee wetu waliotangulia, alete Jumapili baada ya ibada. Vijana wa media watazinakili na kurudisha. Na hapo chini andika jina la mtu aliyekufundisha kuomba, pamoja na neno lake moja unalolishika mpaka leo.

Mbarikiwe.