KIMO CHA MTOTO HAKINGOJI BAJETI

Pale kijiweni tumezoea. Akipita kijana mfupi mwenye uso wa kitoto tunamwita "kibushuti", tunacheka, kahawa inateremka. Umewahi kujiuliza kwa nini hakukua?

Mtazame Gary Coleman, mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa 1968. Alikuwa mmoja wa watoto waliolipwa fedha nyingi mno katika televisheni ya kwao. Watu walimcheka weee! Kumbe mwenzao figo zilikuwa zimeharibika. Alipandikizwa figo mara mbili, 1973 na 1984, lakini aliishia kimo cha sentimita 142 hivi. Akafariki 2010, miaka 42 tu. Mapesa yote yale hayakumnunulia kimo.

Kulikoni? Figo mbovu humjazia mtoto asidi katika damu, hamu ya chakula hupotea, mifupa hudhoofu, na homoni ya ukuaji hushindwa kufanya kazi yake. Mashine ya kusafisha damu humweka hai, ila kwa kawaida haimrudishii kimo. Figo mpya ndiyo tumaini, hasa akiipata mapema, kabla ya miaka 6. Hata hapo kuna kikwazo: predinisoloni, dawa inayosaidia mwili usiikatae figo, ikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu hudumaza. Siku hizi madaktari hujitahidi kuipunguza. Mzazi asiipunguze mwenyewe! Na mifupa ikishafunga baada ya balehe, ndiyo basi tena.

Sasa tuwageukie wakubwa. Muhimbili ilianza kupandikiza figo 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Tunapongeza, hatuna roho mbaya. Lakini mtoto wa mlalahoi akiambiwa angoje fedha, angoje kikao, angoje bajeti ijayo, anapoteza sentimita ambazo hakuna waziri atakayemrudishia. Watoto watangulizwe. Na dawa za baada ya upasuaji, ambazo ni za maisha, asiachiwe mama muuza vitumbua azibebe peke yake.

Nawe kijana mwenzangu, kesho utaitwa baba. Mwanao akiamka uso umevimba, au wa kiume mkojo ukidondoka badala ya kuruka, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Na yule mfupi wa kijiweni? Msogezee benchi akae. Hujui alikopita.