SIKIO MOJA, ALBAMU ISHIRINI: MAMA, MVUE MTOTO HIYO KOFIA

SEHEMU YA 1: UGOMVI WANGU NA KOFIA

Akina mama, leo siongelei homa wala uji wa lishe. Leo nimekuja kugombana.

Nina ugomvi na kofia. Sio kofia ya baridi, hiyo mvalishe. Nasema ile kofia anayovalishwa mtoto saa saba mchana, joto la Dar linatutoa jasho sote, kisa sikio lake moja halikukua. Mtoto kazaliwa, upande wa kulia kuna kinundu kidogo tu cha nyama, tundu hakuna. Mama hajatoka hata leba, bibi ameshaleta kofia. Wifi ameshauliza, "Kwani ulimcheka nani ulipokuwa na mimba?" Jirani naye hukumu ameshatoa: "Huyu atakuwa bubu, pesa ya shule msipoteze."

Hali hiyo kitaalamu inaitwa maikrotia. Sikio la nje huanza kuumbika ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito. Wakati mwingine maumbile hayo hayakamiliki, mara nyingi upande mmoja tu, na zaidi upande wa kulia. Kwa watoto wengi sababu haipatikani. Kumcheka mtu hakumo. Kupatwa kwa mwezi hakumo. Mama hajafanya kosa lolote.

Na kwa wale wanaosema "hatafika popote", leo sitawajibu kwa maneno ya kutia moyo. Nitawajibu kwa ushahidi uliorekodiwa, unaouzwa madukani tangu 1974, na ambao ukitaka unausikiliza kwenye simu yako sasa hivi. Nifuateni.

SEHEMU YA 2: MTOTO WA NEW YORK

Tarehe 20 Januari 1952, New York, Marekani, alizaliwa mtoto wa kiume akaitwa Stanley Eisen. Sikio la kulia halikuumbika, na upande huo hasikii. Leo dunia inamjua kwa jina la Paul Stanley, mwimbaji na mpiga gitaa wa KISS.

Wengine hapa mmeshaanza kukunja uso. KISS? Wale wazungu waliojipaka rangi nyeupe na nyeusi usoni, mmoja anatoa ulimi mrefu na kutema damu ya maigizo? Ndiyo, haohao. Bendi ya roki, ile ya magitaa makali, iliyoanza New York mwaka 1973. Paul ndiye mwenye nyota nyeusi kwenye jicho la kulia.

Hebu sasa tuhesabu kazi, maana watu wa "hatafika popote" hawapendi hesabu. Albamu ya kwanza ilitoka 1974. Ya pili ikatoka mwaka huohuo. Ya tatu 1975. Zote tatu hazikuuza sana. Mwaka huohuo wa 1975 wakatoa Alive!, santuri mbili za nyimbo za jukwaani, na hiyo ndiyo iliyowafungulia mlango. Ikaja Destroyer mwaka 1976. Ikaja Dynasty mwaka 1979, yenye ule wimbo wa I Was Made for Lovin' You, ambao Paul ni mmoja wa watunzi wake. Wengi wenu mmeshaucheza kwenye sherehe bila kujua ni wa nani. Wakaendelea hivyo mpaka Sonic Boom mwaka 2009 na Monster mwaka 2012.

Jumla ni albamu 20 za studio. Wapiga ngoma wamebadilika, wapiga gitaa wamebadilika. Watu waliomo kwenye zote 20 ni wawili tu, Gene Simmons na Paul Stanley. Mmoja wa hao wawili anasikia kwa sikio moja.

Dada yangu, rudia kusoma sentensi hiyo ya mwisho, halafu mtazame tena mwanao aliyelala hapo.

SEHEMU YA 3: "AH, NESI, HUYO NI MMOJA KATI YA MILIONI"

Najua mtaniambia hivyo, na mko sahihi. Mwanao huenda hatapiga gitaa maishani. Sikuahidi umaarufu wala gari la kifahari.

Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, na ni kigumu zaidi kukikataa. Muziki ni kazi ya masikio. Lazima usikie kama uzi wa gitaa umelegea kidogo, uimbe sambamba na wenzako watatu, uwe studio usiku kucha ukisikiliza sehemu ileile mara arobaini. Tena muziki wenyewe hurekodiwa kwa sikio la kulia na la kushoto: gitaa hili huku, lile kule. Mtu anayesikia upande mmoja hawezi kuupata mgawanyo huo kama wewe unavyoupata ukivaa spika za masikioni. Lakini Paul Stanley alikaa studio miaka karibu arobaini, na zile albamu mbili za mwisho yeye ndiye aliyesimamia utayarishaji wake.

Kama sikio moja limeweza hiyo, litashindwaje kumsikia mwalimu wa darasa la kwanza? Litashindwaje duka, ushonaji, ualimu, unesi? Mtoto mwenye sikio moja zima anajifunza kusema, anakwenda shule ya kawaida, anaimba kwaya. Anayemwita bubu kabla hajafikisha hata wiki anatangaza ujinga wake kwa kipaza sauti.

Halafu kuna kundi la pili, wale wa "hiyo ni bendi ya shetani". Tangu miaka ya sabini kuna uvumi kwamba jina KISS ni kifupi cha maneno ya kumtumikia Shetani. Wenyewe wameukanusha. Muziki wao sio lazima uupende, na mimi sikuambii umpigie mtoto. Ila tazama uvumi unavyofanya kazi. Mtu anaona sura asiyoielewa, anaipachikia maana mbaya, kisha anaipeleka kwa jirani. Ndivyo walivyofanya kwa zile rangi za usoni, na ndivyo wanavyofanya kwa sikio la mwanao. Usiwasaidie kuusambaza.

SEHEMU YA 4: KILICHOMUUMIZA SIO SIKIO

Hapa ndipo penyewe, mama. Hapa usiniruke.

Mwaka 2014 Paul Stanley alitoa kitabu cha maisha yake, Face the Music. Anaeleza humo jinsi watoto wenzake walivyokuwa wakimkodolea macho na kumwita zimwi. Anaeleza pia kwamba nyumbani kwao jambo hilo halikuongelewa. Wazazi waliona kulinyamazia ndiko kumkomaza. Mtoto akabaki na swali lake peke yake. Akaja kufuga nywele ndefu, zikafunika sikio.

Mnaona sasa? Kofia yetu na nywele zake ni kitu kimoja.

Mtu anaweza kuniambia, "Basi si hata yeye alijificha, na akafanikiwa?" Ndiyo, alijificha. Alijificha nyuma ya nywele, na nyuma ya rangi pia, kwa sababu KISS hawakuonyesha sura zao hadharani mpaka 1983, walipotoa Lick It Up. Lakini msikilize mwenyewe anavyosimulia miaka ile. Hasemi kwamba kujificha kulimsaidia. Anasimulia upweke wa mtu anayeshangiliwa na maelfu, kisha anarudi nyumbani na lilelile la utotoni. Alikuja kufanyiwa upasuaji ukubwani, akatengenezewa sikio kwa gegedu lililotolewa kwenye mbavu zake mwenyewe. Mwaka 1999, Toronto, Kanada, aliigiza The Phantom of the Opera, hadithi ya mtu anayeficha uso wake nyuma ya kinyago. Baada ya hapo akaanza kufanya kazi na AboutFace, shirika la Kanada linalosaidia watu wenye tofauti za uso, akawa anazungumza waziwazi na watoto na wazazi wao kuhusu sikio lake.

Hesabu miaka hapo. Alizaliwa 1952. Alikuwa na miaka karibu hamsini alipoanza kulisema hadharani jambo ambalo mama na baba wangeliongea naye mezani akiwa na miaka minne.

Kwa hiyo albamu zile zinakuambia kitu kimoja na kitabu kinakuambia kingine. Albamu zinasema sikio moja linatosha kufanya kazi. Kitabu kinasema ukimya wa nyumbani unaumiza kuliko kukosa sikio. Mimi nesi nawaomba mchukue yote mawili. Msichukue la kwanza peke yake mkaenda kujisifu, "mwanangu atakuwa staa," huku kofia bado iko kichwani.

SEHEMU YA 5: SASA FANYA HAYA

Kuna wanaonijia na ile kauli ya "Mungu ana makusudi yake". Amina. Lakini makusudi ya Mungu hayakatazi kipimo. Usiseme amina ukaishia hapo.

Moja. Mpeleke mtoto akapimwe usikivu, MASIKIO YOTE MAWILI. Akina mama wengi wanahangaika na sikio lililo dogo, wanasahau lile linaloonekana zima. Kuonekana zima sio kusikia. Lengo ni awe amepimwa ndani ya mwezi wa kwanza, na kama kuna tatizo lijulikane kabla ya miezi mitatu, ili msaada uanze kabla ya miezi sita. Kama hospitali uliyojifungulia haina kipimo, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Dai rufaa, usiombe kwa aibu. Na kama mwanao ana miaka miwili leo na hajapimwa, nenda wiki hii. Hujachelewa kiasi cha kukata tamaa.

Mbili. Usitie kitu chochote sikioni. Sio mafuta ya nazi, sio maziwa ya mama, sio maji ya majani. Na usimruhusu mtu "kulitoboa" lile lisilo na tundu. Mara nyingi sehemu ya ndani kabisa ya sikio hilo ni nzima, kilichozibwa ni njia tu. Vipo vifaa vinavyopeleka sauti kwa kupitia mfupa wa kichwa, tena mtoto mchanga anavaa kwa mkanda bila upasuaji. Muulize daktari. Ni ghali, sikufichi. Ila huwezi kutafuta msaada wa kitu ambacho hujui kama kipo.

Tatu. Lile sikio zima lilinde kama mboni ya jicho. Likitoa usaha, siku hiyohiyo kituo cha afya. Na kelele kubwa hapana. Hapo Paul Stanley usimuige, maana kazi yake ni ya kelele. Usimkalishe mtoto mbele ya spika za harusini eti amezoea.

Nne. Shuleni nenda mwenyewe ukamweleze mwalimu. Akae mbele, sikio zima lielekee kwa mwalimu. Mtoto anayesikia upande mmoja anapata shida kujua sauti inatoka wapi, na kwenye kelele maneno yanampotea. Sio mkaidi, sio mzito. Anachapwa kwa kosa la kiti. Na barabarani mshike mkono, pikipiki inayotokea upande usiosikia hataigundua mapema.

Tano. Upasuaji wa kutengeneza sikio kwa gegedu la ubavu kwa kawaida husubiri mtoto akue, kuanzia kama miaka sita na kuendelea, ubavu uwe na gegedu la kutosha. Una miaka ya kujipanga. Na akikua akasema hautaki, nalo ni jibu.

Sita, na hili halina gharama. Ongea naye. Akiuliza, "Mama, mbona sikio langu dogo?" usimwambie "nyamaza". Mwambie: "Ulizaliwa hivyo, mwanangu. Hili linasikia, hili halisikii vizuri, na ndiyo maana mama anakaa upande huu tukiongea." Basi. Mtoto wa miaka minne hahitaji hotuba. Akina baba, hili ni lenu pia. Msimwachie mama peke yake halafu mkaja kuuliza kwenye ukoo wa nani kuna hali hiyo.

SEHEMU YA 6: NENO KWA MABIBI NA MAWIFI

Shikamooni. Nawaheshimu, na najua kofia mnaileta kwa upendo, mnataka mtoto asichekwe. Lakini mtoto anayefichwa anajifunza kwamba ana kitu cha kufichwa. Akifika darasa la kwanza, kofia ikivuliwa kwa utani na wenzake, atakuwa hana neno hata moja la kujibu, kwa sababu nyumbani hakuna aliyempa.

Watoto wa mtaani New York walimwita Stanley Eisen zimwi. Albamu ya mwisho ya studio ya bendi yake, ile ya 2012, inaitwa Monster, yaani zimwi. Tarehe 2 Desemba 2023 walipiga onyesho lao la mwisho Madison Square Garden, katika mji uleule aliozaliwa, naye akiwa na miaka 71. Jina walilomtupia utotoni limebaki kwenye jalada la albamu, na aliyesimamia kuitayarisha ni yeye.

Wako sio lazima awe na albamu. Awe na kadi ya kliniki iliyoandikwa majibu ya kipimo cha masikio, awe na kiti cha mbele darasani, na awe na mama anayemjibu anapouliza.

Kofia muwekee akiba ya baridi ya Juni. Leo mvue, mbebe, mtoke naye. Na kama unamjua mama mmoja anayemfunika wake, mtumie hii kimyakimya, usimtaje hapa kwenye maoni. Maswali niulizeni, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.