Kocha Kwanza, Jimu Baadaye

Kila Januari jijini Dar es Salaam maneno ni yale yale: "Ngoja nianze jimu ya kawaida, nikishazoea ndiyo nitafute kocha." Anayesema hivyo huonekana mtu makini na pesa yake. Studio ndogo, mteja mmoja na kocha mmoja, yeye anaiona ni mambo ya wasanii na wake wa wakubwa. Nasema amepindua mpangilio. Aliyezoea vyuma ndiye anayeweza kujitegemea kwenye ukumbi mkubwa. Asiyejua kitu ndiye anayemhitaji kocha, na huyo ndiye tunayemwingiza katikati ya mashine arobaini na kumtakia kila la heri.

Mwangalie mwezi wake wa kwanza. Amelipa kiingilio na ada, ameonyeshwa makabati na mabafu, kijana wa mapokezi amemzungusha ukumbini mara moja. Baada ya hapo yuko peke yake. Anapanda mashine ya kukimbilia, kwa kuwa ndiyo pekee isiyohitaji maelezo, anatembea huku anatazama televisheni. Siku nyingine anajipa moyo, anaweka chuma mabegani na kuchuchumaa kama alivyoona kwenye simu. Magoti yanaingia ndani, visigino vinanyanyuka, mgongo unapinda. Waliomzunguka wanaona. Hakuna anayesema, kila mtu ana spika zake masikioni. Wiki inayofuata kiuno kinauma, kisha kuna msiba, kisha mvua. Ada ya mwezi wa pili analipa hata hivyo, maana kuacha kulipa ni kukubali kwamba ameacha mazoezi.

Mwanachama wa aina hiyo hampi mwenye jimu hasara yoyote. Analipa na hachakazi vifaa. Mwaka 2006 wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha utafiti wa jimu tatu za Marekani, wanachama 7,752 waliofuatiliwa kwa miaka mitatu. Waliokuwa na mkataba wa mwezi walilipa zaidi ya dola 70 na walihudhuria kwa wastani mara 4.3 kwa mwezi. Kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, na palepale mlangoni kulikuwa na tiketi za ziara kumi kwa dola 10 kila ziara. Walijidanganya kuhusu nafsi zao, na biashara ikaenda vizuri. Sidhani Mwenge au Mbezi nafsi za watu zimeumbwa kwa udongo mwingine.

Kinachonishangaza ni kwamba tunalijua hili vizuri katika mambo mengine. Mtoto wa darasa la tano analipiwa twisheni ya hesabu, na sijasikia mzazi akisema akae kwanza na kitabu peke yake mpaka azoee, ndipo atafutiwe mwalimu. Ikifika zamu ya goti na uti wa mgongo, eti mwalimu ni anasa.

Wapo watakaosema mazoezi si elimu ya kufundishwa, vijana wa mtaani wamejenga miili bila kocha wala kiyoyozi. Hoja hii ninaipenda, kwa sababu inanisaidia mimi. Ingia jimu yoyote ya uani kule Temeke au Manzese: ekseli ya gari ndiyo chuma, uzito umemwagwa kwa zege ndani ya makopo, benchi ni la mbao. Halafu pembeni kaketi mkongwe mmoja. Ukipinda mgongo anakukaripia mbele ya watu. Ukitaka kuongeza uzito kabla ya wakati anauondoa kwa mikono yake mwenyewe. Kijana yule hakujifunza peke yake hata siku moja, isipokuwa ada yake ilikuwa soda na heshima. Jimu za kisasa zilichukua vyuma, zikaviongezea vioo na muziki, zikamwacha mkongwe nje. Studio ya kocha binafsi imemrudisha, ikamwekea bei.

Na jicho la mkongwe linapimika. Mwaka 2000 lilitoka jaribio la wanaume 20 ambao tayari walikuwa na uzoefu kiasi wa vyuma. Wote walipewa ratiba moja ya wiki 12, ila kundi moja lilisimamiwa na kocha na jingine likajiendesha lenyewe. Waliosimamiwa walitoka na nguvu zaidi, kwa kuwa waliongeza uzito haraka kuliko wenzao. Kama hao wenye uzoefu walifaidika, fikiria mgeni.

Fikiria hasa mama wa miaka 52 mwenye presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, mbali na kutembea na kukimbia. Yeye atajifunzia wapi? Akibana pumzi huku ananyanyua, presha inapanda ghafla, na hilo halijaandikwa kwenye mashine. Pengine anavaa hijabu, na hataki kuchuchumaa mbele ya vijana wenye kamera mkononi. Kuna watu wanaita haya hiyo ushamba. Mimi naiita sababu tosha ya kulipia mlango unaofungwa.

Twende kwenye pesa, kwa hesabu ya mfano tu. Tuseme jimu ni shilingi 100,000 kwa mwezi: mwaka mzima ni 1,200,000, uende usiende. Tuseme kocha anataka 40,000 kwa kipindi: mara mbili kwa wiki kwa wiki 12 ni 960,000. Ni pesa nyingi, sibishi. Mkigawana kocha wewe na dada yako inashuka, na baada ya wiki hizo unarudi jimu ya kawaida, au hata uani, ukiwa na daftari la uzito wako na mwili unaojua la kufanya.

Tatizo langu na studio liko hapo hapo, kwenye kuondoka. Mjini kifua kipana kimekuwa cheti, na wapo makocha wanaouza urafiki wa kudumu kwa wateja wasioongezewa hata kilo mbili tangu mwaka juzi. Kwa hiyo siku ya kwanza msikilize. Asipokuuliza kuhusu presha, sukari, uzazi na maumivu ya zamani kabla hujagusa chuma, chukua mkoba wako. Asipoandika chochote, hivyo hivyo. Akipita hapo, mwambie unataka kujitegemea baada ya miezi mitatu, umwone atakavyoipanga hiyo miezi.