Simba imesajili vijana, bado haijasajili uvumilivu

Jumamosi iliyopita, Agosti 3, 2024, Uwanja wa Benjamin Mkapa ulijaa, Simba Day ikapendeza na APR ya Rwanda ikalala 2-0. Debora Fernandes Mavambo alifunga la kwanza, Edwin Balua akaongeza la pili. Tangu siku hiyo, ukipita Mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo, kauli ni moja tu: Ubaya Ubwela.

Keshokutwa Alhamisi, Agosti 8, 2024, kauli hiyo inapimwa. Simba inakutana na Yanga kwenye nusu fainali ya Ngao ya Jamii, siku tano tu baada ya sherehe. Hapo ndipo penye hatari. Hatari yenyewe siyo kufungwa, maana kufungwa kupo kwenye mpira. Hatari ni kile kitakachofanyika Msimbazi Ijumaa asubuhi kama timu ikifungwa.

Simba ya msimu huu ni timu mpya karibu yote. John Bocco ameondoka. Clatous Chama ameondoka, tena amevuka barabara tu na kwenda Jangwani. Saido Ntibazonkiza, Henock Inonga, Luis Miquissone, Sadio Kanoute, Kennedy Juma, Babacar Sarr, wote hawapo. Kwenye benchi amekuja Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini, aliyekuwa msaidizi Raja Casablanca iliyobeba ubingwa wa Morocco bila kupoteza mchezo wa ligi. Kwenye bodi, Mohammed Dewji alirudi kwenye kiti cha mwenyekiti Juni 2024.

Wapo wanaosema fagio limepita kwa nguvu mno. Hapana. Fagio limechelewa miaka mitatu.

Turudi Agosti 2021. Simba ilikuwa imetoka kubeba ubingwa mara nne mfululizo na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Katika dirisha moja iliwauza wachezaji wake wawili bora, Luis akaenda Al Ahly na Chama akaenda RS Berkane. Pesa iliingia. Kilichotakiwa kufuata ni kujenga timu nyingine yenye miguu mipya. Badala yake, Simba ilianza kuitafuta timu ile ile iliyoivunja. Chama alirudishwa Januari 2022. Luis alirudishwa Julai 2023. Bocco aliendelea kubaki, mwaka ukiongezeka kila mwaka kama kwa binadamu yeyote.

Kwa lugha ya sokoni, Simba ilikuwa inanunua mzigo wa jana kwa bei ya leo. Luis aliyerudi hakuwa yule aliyeifunga Al Ahly pale kwa Mkapa Februari 2021. Chama alibaki fundi, hilo halina ubishi, na goli lake dhidi ya AS Vita mwaka 2019 litasimuliwa hadi kwa wajukuu. Lakini timu nzima ilikuwa inamsubiri Chama aamke. Akiamka, Simba inashinda. Akilala, Simba inalala naye.

Matokeo yake yapo kwenye msimamo. Yanga imebeba ubingwa mara tatu mfululizo, na msimu uliopita ilimaliza na pointi 80. Simba na Azam zilimaliza na pointi 69 kila moja, Azam ikakaa juu kwa tofauti ya mabao. Ndiyo maana mwaka huu Azam ipo Ligi ya Mabingwa na Mnyama yupo Kombe la Shirikisho. Katikati ya msimu huo kulikuwa na Novemba 5 na zile bao 5-1, ambazo mpaka leo mtu wa Simba akipita Mtaa wa Twiga anaonyeshwa vidole vitano.

Kwa hiyo uamuzi wa kuvunja na kujenga upya ulikuwa sahihi. Swali ni kama kilichojengwa kinatosha.

Tuanze na golini. Simba ilikwenda kambini Ismailia, Misri, ikimtegemea Ayoub Lakred, kipa bora iliyekuwa naye msimu uliopita. Akaumia huko huko kambini. Aishi Manula naye hajawa sawa kwa muda mrefu. Ikabidi klabu imkimbilie Moussa Camara wa Horoya ya Guinea. Camara ni kipa wa timu ya taifa na anajua kuanzisha mashambulizi kwa mguu, lakini hakufanya maandalizi na wenzake. Beki wa kati na kipa ni kama dereva na utingo, lazima wajuane kwa jicho. Hawa wanaanza kujuana msimu ukiwa umeshafika mlangoni.

Ulinzi una mchanganyiko unaoeleweka. Shomari Kapombe na Mohamed Hussein 'Tshabalala' wapo, na Che Malone Fondoh yupo. Waliongezwa ni Abdulrazack Hamza aliyetoka SuperSport United, Chamou Karaboue kutoka Ivory Coast, Valentin Nouma kutoka St Eloi Lupopo na Kelvin Kijili kutoka Singida. Usajili wa Nouma na Kijili ndio ulikuwa umechelewa kuliko wote. Kwa miaka kadhaa Kapombe na Tshabalala wamecheza Jumatano na Jumapili, ligi na Afrika, bila mtu wa kuwapumzisha. Hata gari la mchanga hupumzishwa. Kuondoka kwa Inonga kunauma, lakini Hamza ni kijana Mtanzania ambaye akipewa mechi anaweza kukaa hapo miaka mingi.

Katikati ndiko Simba ilikofanya kazi nzuri zaidi. Msimu uliopita eneo hilo lilikuwa linachoka ikifika dakika ya 60, na Yanga ililijua hilo kuliko mtu yeyote. Sasa ameingia Augustine Okejepha kutoka Rivers United ya Nigeria, ameingia Debora kutoka Mutondo Stars ya Zambia, ameingia Yusuph Kagoma kutoka Singida. Wote watatu wanakimbia, wanakaba na wanapiga pasi kwenda mbele. Ukimuongeza Fabrice Ngoma mwenye uzoefu na Mzamiru Yassin asiyechoka kugombana, kocha ana pa kuchagua.

Nafasi ya Chama imepewa Jean Charles Ahoua, mchezaji bora wa ligi ya Ivory Coast msimu uliopita akiwa na Stella Club. Hapa mashabiki waelewane mapema. Ahoua siyo Chama mpya. Chama anatuliza mpira, anauficha, kisha anatoa pasi ambayo watu elfu sitini hawakuiona. Ahoua anapenda kupiga, kuanzia mipira iliyokufa mpaka mashuti ya nje ya boksi. Atakayekwenda uwanjani kutafuta kanzu na visigino atarudi analalamika. Atakayekwenda kuhesabu mabao na pasi za mabao pengine atarudi ametulia.

Joshua Mutale ametoka Power Dynamos ya Zambia, nchi ile ile iliyomleta Chama mwaka 2018 kutoka Lusaka Dynamos. Ana kasi na anaingia ndani akitokea pembeni. Balua na Ladack Chasambi, waliosajiliwa Januari, wameshaonyesha kwamba hawaogopi. Kibu Denis ndiye kitendawili. Aliongeza mkataba, kisha hakuonekana kambini Misri, na klabu ikatoa taarifa kwa umma. Jambo hilo lisipomalizwa haraka litakula muda wa kocha ambaye hana muda wa kugawa.

Sasa namba tisa, na hapa ndipo panapotia wasiwasi. Januari mwaka huu Simba iliachana na Jean Baleke na Moses Phiri kwa mpigo, halafu ikaingia mzunguko wa pili na washambuliaji wageni waliotakiwa kuzoea ligi wakiwa wanakimbizana na ubingwa. Kosa hilo liliigharimu. Leo Baleke huyo huyo amevaa jezi ya Yanga. Simba imemleta Steven Mukwala, Mganda aliyefunga mabao 14 kwenye ligi ya Ghana akiwa na Asante Kotoko, pamoja na Valentino Mashaka kutoka Geita Gold iliyoshuka daraja. Freddy Michael bado yupo.

Mukwala anajituma, anapambana na mabeki na hakati tamaa. Lakini Simba inayotaka ubingwa na inayotaka kwenda mbali Afrika haiwezi kumuachia mgeni mmoja mzigo wote huo. Dirisha bado halijafungwa. Kanuni inaruhusu wageni 12, kwa hiyo kumuingiza mwingine maana yake ni kumtoa mtu. Viongozi wafanye hesabu hiyo wiki hii, wasingoje Januari kama walivyozoea.

Upande wa pili wa Kariakoo hali ni tofauti kabisa. Yanga haikuvunja kitu. Djigui Diarra yupo, Ibrahim Bacca na Dickson Job wapo, Khalid Aucho yupo, Pacome Zouzoua yupo, Maxi Nzengeli yupo. Stephane Aziz Ki, mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21, amesaini tena. Juu ya hao wamewekwa Chama, Prince Dube, Baleke, Duke Abuya na Chadrack Boka. Kule Afrika Kusini, mwezi uliopita, waliichapa Kaizer Chiefs 4-0. Kocha Miguel Gamondi anaanza mwaka wa pili na watu anaowajua kwa majina ya utani.

Ukweli usiopendeza Msimbazi ni kwamba keshokutwa Yanga ndiyo yenye nafasi kubwa. Wanaojuana wanacheza na wanaoanza kujuana. Simba inaweza kushinda, hii ni dabi, lakini ikifungwa haitakuwa maajabu wala haitakuwa ushahidi kwamba usajili ni mbovu.

Atakayebisha akumbuke Agosti mwaka jana kule Mkwakwani, Tanga. Simba ilibeba Ngao ya Jamii mbele ya Yanga hiyo hiyo. Ally Salim alipangua penalti tatu na Msimbazi kukawa hakulaliki. Ngao ile ilisema nini kuhusu msimu? Haikusema lolote. Miezi mitatu baadaye zilikuja tano. Kama Ngao iliyobebwa haikuwa dawa, basi Ngao itakayopotea haiwezi kuwa sumu.

Tatizo ni kwamba Simba ina ugonjwa wa kusoma mechi moja kama kitabu kizima. Robertinho alifika Novemba 5 timu yake ikiwa haijapoteza mchezo wa ligi msimu ule, na wiki chache kabla ilikuwa imetoka sare mbili na Al Ahly kwenye African Football League. Siku mbili baada ya dabi akafungashiwa virago. Akaja Abdelhak Benchikha, mtu aliyeinyima Yanga Kombe la Shirikisho akiwa na USM Alger. Aprili naye akaondoka. Hesabu kuanzia Oktoba 2021: Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Juma Mgunda, Robertinho, Benchikha, kisha Mgunda tena. Kila kocha alikuja na falsafa yake na orodha yake ya wachezaji, na aliyefuata alikuta kabati limejaa nguo zisizomtosha.

Katika kipindi hicho hicho Yanga imekuwa na makocha wawili, Nasreddine Nabi na Gamondi. Watu husahau kwamba Nabi naye alianza vibaya. Julai 2021 alifungwa na Simba fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Kigoma. Septemba akatolewa Ligi ya Mabingwa hatua za awali na Rivers United, akifungwa nyumbani na ugenini. Kama angekuwa Msimbazi, asingeiona Oktoba. Jangwani walimuacha. Msimu ule ule akabeba ubingwa bila kupoteza mchezo, na mwaka uliofuata akaipeleka Yanga fainali ya Afrika.

Hiyo ndiyo tofauti ya pointi 11. Fedha zipo pande zote mbili, na mashabiki wapo pande zote mbili. Kilichokuwepo upande mmoja tu ni kukaa na jambo mpaka liive.

Vijana hawa wa Fadlu, wengi wao wapo kwenye miaka ishirini na kidogo, wengi hawajawahi kucheza mbele ya umati kama wa kwa Mkapa. Watakosea pasi. Okejepha atanyang'anywa mpira mahali pasipotakiwa, Mukwala atakosa bao la wazi, Mutale atashika mpira sana. Vijiwe vya kahawa vya Gerezani vitawachambua mpaka jua lizame, na hiyo ni haki yao kwa sababu wanalipa kiingilio. Lakini kijiwe kikiingia kwenye ofisi ya klabu, ndipo mtu anapofukuzwa Jumanne kwa sababu ya mechi ya Jumapili.

Kipimo cha haki kipo. Ligi inaanza Agosti 18 dhidi ya Tabora United. Septemba kuna raundi ya pili ya Kombe la Shirikisho, na anayesubiriwa ni mshindi kati ya Al Ahli Tripoli ya Libya na Uhamiaji ya Zanzibar. Timu hii ihukumiwe Desemba, ikiwa imecheza mechi za kutosha nyumbani na mikoani, na makundi ya Afrika yakieleweka. Wakati huo mtu akisema Fadlu hafai, atakuwa na hoja mkononi. Akisema Ijumaa hii, atakuwa na hasira tu.

Kwa kikosi kilichopo, nafasi ya pili ndiyo lengo la kweli msimu huu, na kufika mbali Kombe la Shirikisho kunawezekana kabisa. Ubingwa utahitaji Yanga iteleze. Hilo halifurahishi kusomwa na mtu aliyenunua jezi mpya juzi, lakini mwenye timu changa hudai anachostahili kudai. Akimpata mshambuliaji mmoja kabla dirisha halijafungwa, na akimuacha kocha afanye kazi mpaka mwisho, msimu unaofuata Jangwani hawatalala vizuri.